Nakili kwanza, kufuta baadaye

Ndugu msikilizaji, wiki hii nakuomba ruhusa niingie sebuleni kwako, nifungue droo ya chini ya kabati la televisheni, ile ambayo watoto wamekatazwa kuigusa. Sina shaka nitakuta humo simu mbili tatu zilizopasuka kioo, flashi isiyojulikana ina nini, diski ya nje ambayo waya wake lazima ushikiliwe kwa kidole ndipo isome, kadi ya kumbukumbu ya kamera iliyopiga picha za harusi ya dada, na pengine kompyuta mpakato iliyokataa kuwaka tangu kifungua mimba alipoanza sekondari.

Droo hiyo ndiyo maktaba ya familia yako. Picha za mama aliyekwishatangulia mbele ya haki zimo humo. Sauti ya babu akieleza ukoo wenu ulitokea wapi na ulihamia hapa kwa sababu gani, imo humo. Imo pia picha ya hati ya kiwanja, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, stakabadhi za ada, na barua ya kazi ambayo siku moja utaihitaji kwa ajili ya mafao. Wazee wetu walikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Lilikuwa moja, kila mtu alijua lilipo, na nyumba ikishika moto lilikuwa la kwanza kutolewa nje. Sisi tumetawanya yale yale katika vyombo kumi, na hakuna hata kimoja ambacho tungekikimbilia.

Basi imekuja dawa, na katika miezi ya karibuni wasikilizaji kadhaa wameniuliza habari zake. Wataalamu wanaiita seva ya nyumbani. Ni sanduku lenye ukubwa wa kasha la viatu, ndani yake mna diski mbili au zaidi, na linaungwa kwa waya kwenye ruta ile ile inayokupa intaneti. Kuanzia hapo kila simu na kila kompyuta ndani ya nyumba inaweza kuweka mafaili yake humo na kuyachukua. Kampuni za Synology na QNAP, zote za Taiwan, zimejipatia jina kwa kuyatengeneza masanduku hayo. Lakini mwenye kompyuta ya mezani iliyostaafu anaweza kuipa kazi hiyo kwa programu zisizolipiwa kama TrueNAS au OpenMediaVault, mradi anaye kijana wa kumsaidia.

Kwa nini watu wa mjini wameanza kulitafuta sanduku hili? Sababu ziko wazi. Tangu Juni 1, 2021, Google iliacha kuhifadhi picha bila kikomo na bila malipo. Kila picha mpya huhesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15 za bure, zikijaa unalipa. Kisha Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, na sisi huku Tanzania, pamoja na majirani zetu kadhaa, tukajua maana ya kuhifadhi vitu vyako mahali ambapo huwezi kufika kwa miguu. Mtu aliyekuwa na nakala ya mkataba wake katika hifadhi ya mtandaoni alikaa akitazama kiduara kikizunguka kwenye kioo cha simu. Kwa hiyo siwalaumu wanaotaka vitu vyao viwe nyumbani. Nakubaliana nao.

Ninalotaka kulisema leo ni jambo jingine, na muuzaji wa sanduku hatakwambia, si kwa ubaya, bali kwa sababu yeye kazi yake inaishia pale unapolipa. Siku ya hatari kuliko zote katika maisha ya mafaili yako ni ile siku unayoyahamisha ili yawe salama. Droo yako, pamoja na uchafu wake, imeyahifadhi kwa miaka kumi. Jumamosi moja ya kuhamisha inaweza kuyamaliza kwa saa tatu.

Nisije nikaonekana natia chumvi, nitatoa mifano ya watu wenye wataalamu na bajeti. Mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 2021, mtumishi wa idara ya kompyuta ya jiji la Dallas, huko Marekani, alikuwa akihamisha majalada ya polisi kutoka hifadhi ya mtandaoni kwenda kwenye seva ya jiji lenyewe. Yaani safari ile ile unayotaka kuifanya wewe. Katika kuhamisha huko terabaiti 22 hivi zilifutika. Zikaokolewa kiasi cha 14, na takriban 8 zikatangazwa kwamba hazirudi, zikiwamo picha, video na sauti za kesi. Ukaguzi uliofuata ukagundua mengine yaliyokosekana. Kesi moja ya mauaji ikaahirishwa ili waendesha mashtaka wahakiki kama ushahidi wake umo katika vilivyopotea, na mtumishi yule akapoteza kazi mwaka huo huo.

Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 2019, mtandao wa MySpace ulikiri kwamba nyimbo, picha na video zilizowekwa humo kabla ya 2016 huenda zimepotea zote wakati wa kuhama kutoka seva moja kwenda nyingine. Nyimbo zilizopotea zinakadiriwa kufikia milioni 50. Kulikuwa na vijana wengi duniani waliorekodi wimbo wao wa kwanza, wakauweka pale, wakaufuta kwenye kompyuta zao wakiamini mwenye mtandao mkubwa hawezi kupoteza kitu.

Msikilizaji ataniuliza, hayo yanatokeaje nyumbani kwangu, mimi nina picha za harusi na ubatizo tu? Yanatokea kirahisi mno. Kamera nyingi na baadhi ya simu huzipa picha majina kwa nambari: IMG_0001, IMG_0002, na kuendelea. Zikifika 9999 zinarudi mwanzo. Na kamera ya shemeji nayo ina IMG_0001 yake. Sasa wewe umechukua picha za vyombo vitano, unazimimina katika folda moja iliyopewa jina Picha. Kompyuta inakuuliza: faili lenye jina hili lipo tayari, nilibadilishe? Mara ya kwanza unasoma. Mara ya kumi unasoma nusu. Mara ya thelathini, saa sita za usiku, unabonyeza ndiyo kwa yote, na picha za msiba wa 2014 zinafunikwa na picha za mtoto wa jirani akila keki. Hakuna kengele inayolia. Utagundua baada ya miaka mitatu, ukizitafuta kwa ajili ya maombolezo ya mwaka.

Njia nyingine ni kukata na kubandika. Ukikata badala ya kunakili, unaiamuru kompyuta iondoe huku kadiri inavyopeleka kule. Umeme ukikatika katikati, unabaki na nusu upande huu, nusu upande ule, na moja kati yake ambayo haipo vizuri popote. Mwenye kukumbuka mgawo wa umeme wa 2022 na 2023 hahitaji kuelezwa zaidi. Mgawo umepungua sana tangu bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha mwaka 2024, lakini transfoma ya mtaani kwenu haijapata habari hiyo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, na kama utasahau yote mengine nitakayosema basi hii ushike: nakili, usihamishe. Chombo cha zamani kinabaki na kila kitu kilichokuwa nacho, bila kuguswa, mpaka utakapothibitisha. Waswahili walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na sanduku jipya linalometa taa za kijani ni msala upitao mpaka lithibitike vinginevyo.

Kanuni ya pili inawaudhi watu nadhifu. Usipange huku ukikusanya. Nimewaona watu wakifungua diski ya zamani na kuanza papo hapo kuchagua: hii nzuri, hii mbaya, hii ifutwe, hii iende kule. Wanamaliza siku nzima wakiwa wameshughulikia mwaka mmoja, na wamechanganya wasichokumbuka. Kwanza kila chombo kipewe folda yake ndani ya seva, kwa jina lake kama kilivyo: Simu ya mama ya zamani. Diski nyeusi. Flashi ya ofisini. Yaliyomo yaingie humo yote, pamoja na takataka zake, bila kuchanganywa na ya chombo kingine. Hapo yale majina yanayofanana hayakutani, kwa hiyo hayafunikani. Kupanga kutakuja baadaye, kwa utulivu, hata kwa mwaka mzima, na nafasi ya diski siku hizi si ghali kiasi cha kukulazimisha ufute kwa haraka. Picha ya simu ina megabaiti tatu au nne. Ndani ya terabaiti moja zinaingia zaidi ya 200,000. Hata familia yenye mashangazi sita wapenda picha haijazi hiyo kwa siku mbili.

Sasa ufundi kidogo, nipite haraka. Tumia waya, si intaneti ya hewani. Sanduku likiungwa kwenye ruta kwa waya, na kompyuta vile vile, na zote zikiwa za kasi inayoitwa gigabiti, terabaiti moja ya mafaili makubwa inapita kwa saa mbili na nusu hivi. Ruta yako ikiwa ya kizamani yenye kasi ya megabiti 100, kazi hiyo hiyo itachukua siku nzima na saa moja juu. Diski ya nje ya aina ya zamani ya USB nayo ina mwendo wake, na picha ndogo ndogo elfu hamsini zinakwenda polepole kuliko filamu moja yenye uzito uleule, kwa sababu kila faili lina salamu zake za kuingia. Jua hesabu hiyo mapema, ili usije ukaanza saa moja jioni ukidhani utamaliza kabla ya taarifa ya habari. Na nunua yupiesi, ile betri ya akiba, hata ndogo. Sanduku lenye diski mbili linakula umeme wa wati 20 hivi, ambao kwa mwezi ni kama uniti 14 za LUKU. Si mzigo, ila mwenye nyumba anayekuhesabia uniti kwa mita ya pamoja mwambie mapema.

Wenye ujuzi hutumia programu za kunakili zinazokumbuka zilipofika. Iko rsync, ambayo imekuwapo tangu 1996, na katika Windows iko robocopy. Umeme ukikatika, unaanza tena na inaendelea na yaliyobaki badala ya kurudia yote. Mwombe fundi akuwekee hiyo. Akikwambia haina haja, atakuburutia tu kwa kipanya, tafuta fundi mwingine.

Tukishanakili tunafanya nini? Hapa ndipo wengi wanapoanguka, maana sanduku limejaa, taa zinawaka, kila mtu amechoka, na mkono unaelekea kwenye kitufe cha kufuta. Subiri. Hesabu mafaili ya upande wa zamani na ya upande mpya. Kama huku ni 18,412 na kule ni 18,390, kuna 22 ambayo hayakufika, na hayo ishirini na mawili ndiyo utakayoyataka. Linganisha na uzito wa jumla. Halafu ufungue kwa macho yako, maana faili linaweza kuwa na jina lake na uzito wake lakini lisifunguke. Chukua picha ya mwaka wa kwanza, ya katikati, ya mwisho. Cheza video mpaka mwisho wake, usiridhike na sekunde tatu za mwanzo. Zipo pia programu zinazopiga hesabu ya ukaguzi, yaani zinalisoma faili zima na kutoa nambari ndefu, na nambari ya huku ikiwa sawasawa na ya kule, faili ni lile lile mpaka nukta. Hesabu hiyo inaweza kufanyika usiku watu wamelala.

Baada ya hapo bado usifute. Kifunge chombo cha zamani, kiandikie tarehe kwa kalamu ya wino mzito, kikae miezi mitatu. Katika miezi hiyo mtatumia sanduku jipya, mtatafuta vitu, na kilichokosekana kitajitokeza chenyewe.

Ndugu msikilizaji, sasa tuingie kwenye kupanga, na hapa nina maoni yangu ambayo mafundi wengi hawayapendi. Vitabu na video za mafunzo zinafundisha mipango yenye matawi: familia, kisha upande wa baba, kisha sherehe, kisha ndoa, kisha vikao, kisha mwaka. Inapendeza kwenye karatasi. Lakini picha ya mjomba kwenye kikao cha harusi ya mtoto wa shangazi, ambako pia mlimlipia ada mpwa wenu, iende tawi gani? Nyumba yenye watu watano itakuwa na majibu matano, na baada ya miezi miwili kila mtu anatupia vitu kwenye folda inayoitwa Mengineyo. Mimi nasema mwaka, basi. Folda ya 2011, folda ya 2012. Ndani ya mwaka, tukio kwa tarehe yake na jina lake la kawaida: 2019-05-12 Ubatizo wa Neema. Mwaka utangulie, ufuate mwezi, ndipo siku. Ndivyo utaratibu wa kimataifa wa kuandika tarehe ulivyowekwa mwaka 1988, na faida yake kwetu ni kwamba kompyuta ikipanga majina kwa mfuatano inapanga pia maisha yenu kwa mfuatano. Ukianza na siku, Mei Mosi ya kila mwaka itakaa pamoja na Juni Mosi ya kila mwaka, vurugu tupu.

Hati ziwe na folda yake nje ya miaka: ardhi, vyeti, shule, kodi, hospitali. Tano zinatosha.

Tahadhari moja juu ya tarehe. Picha iliyotoka kwenye kamera ina tarehe ya kupigwa ndani ya faili lenyewe. Iliyopitia WhatsApp kwa kawaida imenyang'anywa tarehe hiyo, tena imepunguzwa ubora, na jina lake, kwa mfano IMG-20190512-WA0007, linaonyesha siku ilipopita kwenye WhatsApp, si siku ilipopigwa. Ndiyo maana picha ya baba yenu akiwa kijana wa jeshi la kujenga taifa inaweza kukaa kwenye folda ya 2019. Mwenye nakala ya asili atafutwe, aombwe aitume kama hati badala ya kuituma kama picha, ifike na ubora wake.

Lakini hata tarehe ikiwa sahihi, picha haijui jina la mtu. Nilipoanza kazi ya redio mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilifanya kazi mahali ambapo rafu za kanda zilijaa mpaka darini. Makasha mengine yaliandikwa vizuri, nani, lini, wapi, dakika ngapi. Mengine yaliandikwa kwa mkono wa haraka: Mzee, mahojiano, muhimu. Mzee gani? Aliyeandika alijua, naye amestaafu au amefariki. Ukizungusha kanda unasikia sauti nzito, nzuri, ikieleza mambo ya safari za majahazi na bei ya nazi, na hakuna awezaye kuitangaza kwa sababu hakuna awezaye kusema ni sauti ya nani. Ipo, na haipo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo mali ilikuwa rafuni mbele ya macho yetu.

Kwa sababu hiyo nasema kazi ya kupanga mafaili si ya kijana wa kompyuta peke yake. Ni ya bibi. Kijana akae naye mchana wa Jumapili, waunganishe kompyuta na televisheni ili picha zionekane kubwa, na aulize: huyu aliyevaa kanzu nyeupe kushoto ni nani? Huyu mama aliyeshika mtoto? Nyumba hii ilikuwa wapi? Kila jibu liandikwe. Si lazima programu ya kifahari. Faili la maandishi matupu ndani ya folda ile ile, jina lake Majina, linatosha, nalo litafunguka katika kompyuta yoyote hata miaka ishirini ijayo. Afadhali zaidi, washa simu irekodi mazungumzo hayo, maana bibi akiona picha ya harusi ya 1968 hatataja majina tu, atakueleza kwa nini shemeji fulani hakuhudhuria. Weka sauti hiyo pamoja na picha. Ikiwa mna muda wa kufanya jambo moja tu mwezi huu, sanduku lisubiri, mfanyeni hilo kwanza. Sanduku litakuwapo dukani mwaka ujao.

Tukirudi kwenye sanduku lenyewe, kuna imani moja potofu. Muuzaji atakwambia lina diski mbili, moja ikifa nyingine inaendelea, kwa hiyo uko salama. Ni kweli kwamba inaendelea. Utaratibu huo, unaoitwa reidi, ulielezwa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, katika andiko lao la 1988, na unafanya kazi yake. Kazi yake ni kukukinga na kifo cha diski. Ukifuta faili kwa makosa, linafutika kwenye diski zote mbili kwa wakati mmoja. Mwizi akija atabeba sanduku zima. Maji yakiingia sebuleni, kama ambavyo wakazi wa mabondeni wanavyojua, hayatachagua diski.

Wapo pia wezi wasioingia kwa mlango. Juni 2021, watu waliokuwa na masanduku ya aina ya My Book Live ya kampuni ya Western Digital waliamka wakakuta yamefutwa yote kwa amri iliyotoka mbali. Masanduku hayo yalikuwa hayapati marekebisho ya programu tangu 2015, lakini yalibaki yameunganishwa na intaneti. Januari 2022 ikawa zamu ya masanduku ya QNAP. Wadukuzi walioitwa DeadBolt waliyafunga mafaili ya wenye nyumba kwa kufuli la siri na kudai bitikoini 0.03 kwa kila mmoja. Waliopatwa ni wale ambao masanduku yao yalikuwa wazi kufikiwa kutoka nje. Fundi akikuuliza kama unataka kuona picha zako ukiwa safarini, jibu hapana, angalau mpaka umpate mtu anayejua kufanya hivyo kwa usalama. Na programu ya sanduku isasishwe kila inapotoa taarifa.

Kwa hiyo panahitajika nakala nje ya nyumba. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, aliieneza kanuni ambayo hadi leo haijapatiwa mbadala: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja yao ikae mahali pengine. Kwa familia ya mjini maana yake ni nyepesi. Sanduku liko sebuleni. Diski moja ya nje inanakiliwa kila mwisho wa mwezi kisha inachomolewa, maana iliyochomekwa muda wote itafungwa na wadukuzi pamoja na sanduku. Diski nyingine inakaa kwa dada Morogoro, na kila mnapokwenda kwa sikukuu mnabadilishana, hii inakwenda na ile inarudi. Basi la Morogoro haliungwi na waya wa chini ya bahari.

Anayedhani nakala ya nyumbani kwa mtu ni jambo la kienyeji asikie habari ya filamu ya katuni ya Toy Story 2. Mwaka 1998, ikiwa bado inatengenezwa, mtu katika kampuni ya Pixar alitoa amri iliyofuta sehemu kubwa ya filamu hiyo kwenye seva. Wakakimbilia nakala rudufu, wakakuta hazikuwa zikifanya kazi ipasavyo na hakuna aliyekuwa amezijaribu. Iliyowaokoa ilikuwa kompyuta ya mfanyakazi wao, Galyn Susman, aliyekuwa ametoka kujifungua na akifanya kazi nyumbani akiwa na nakala yake. Wakaifunga kompyuta ile kwa mablanketi, wakaipakia ndani ya gari, wakaendesha polepole mpaka ofisini. Filamu ikatoka mwaka 1999. Kwamba baadaye waliandika upya sehemu kubwa ya hadithi ni habari nyingine, lakini usiku ule mama yule mwenye mtoto mchanga ndiye aliyekuwa maktaba ya kampuni nzima.

Zingatia kwamba nakala rudufu zao zilikuwapo. Zilikosa mtu wa kuzijaribu. Kila baada ya miezi michache itoe ile diski ya nje, iweke kwenye kompyuta ambayo si yako, fungua picha kumi na hati mbili. Zisipofunguka, bado una muda.

Limebaki jambo moja, nalo nimeliona kwa macho. Mwaka juzi mjane mmoja aliniomba nimsaidie kufungua sanduku la namna hii aliloachiwa na marehemu mumewe. Lilikuwa limepangwa kwa ustadi, hilo alinieleza yeye mwenyewe, maana mumewe alikuwa akimwonyesha. Taa zilikuwa zinawaka. Neno la siri hakuna aliyelijua, na marehemu kwa umakini wake alikuwa amefunga kila kitu kwa kufuli la kidijitali, hivyo fundi aliyetoa diski hakuona kitu ndani yake. Tulijaribu tarehe za kuzaliwa za watoto wote. Picha alizobaki nazo ni zile zilizokuwa kwenye simu yake.

Neno la siri la sanduku liandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, pamoja na jina la kufungulia na mahali diski ya pili ilipo. Karatasi hiyo itiwe kwenye bahasha, bahasha iwekwe pale pale penye hati ya kiwanja, na watu wazima wawili ndani ya nyumba wajue ilipo.